Pipu Inayogeuka Kwenye Upinde wa Kompaundi: Dhana Potofu na Ukweli

Umevuta upinde wa kompaundi, ule wenye magurudumu (kemu) kwenye ncha zake, mpaka mwisho, mnyama amekupa ubavu, na badala ya kuona tundu la duara unaona ukingo wa plastiki. Pipu, yaani kile kitundu cha kulengea kinachobanwa katikati ya nyuzi za upote, imegeuka. Hapo ushauri wa kila aina humiminika, na mwingi wake huitibu pipu ilhali ugonjwa uko kwenye upote.

Dhana: Pipu ni mbovu, nunua nyingine.

Pipu haina nguvu ya kujigeuza. Katika upote wa nyuzi 24 imebanwa na nyuzi 12 kila upande, nayo huenda zinakoipeleka. Upote umesokotwa, ukivuta, mvutano wake hubadilika na msokoto hujipanga upya.

Kabla ya kutoa pesa, pima. Weka mshale, elekea shabaha, fumba macho, vuta mpaka mwisho, kisha fumbua. Rudia mara 5. Pipu ikisimama na kosa lile lile kila mara, shida ni msokoto, na tiba yake huchukua muda mfupi. Ikija tofauti kila mara, usiguse msokoto kwanza: tafuta upote ambao haujatulia, kitanzi cha D (kamba fupi iliyofungwa kwenye upote) kilicholegea, au mkono unaoshika kifyatulio (kifaa kinachoshika kitanzi hicho na kukiachilia) kwa namna tofauti kila unapovuta. Anayechanganya hali hizi mbili anaweza kusokota na kusokotoa kutwa nzima bila kufika popote.

Dhana: Pipu lazima ikutazame hata upinde ukiwa umetulia.

Hapana. Kinachohesabika ni inavyosimama ukiwa umevuta mpaka mwisho. Pinde nyingi zilizorekebishwa vizuri huwa na pipu iliyokaa upande zikiwa zimetulia. Ndiyo maana kuigeuza kwa vidole kabla ya kuvuta hakusaidii: nyuzi huirudisha zinakotaka.

Dhana: Ongeza misokoto mpaka ikae sawa.

Hapa ndipo upinde mzuri huharibiwa. Kila msokoto unaoongezwa hufupisha upote, na kwa hiyo hubadilisha urefu wa kuvuta na mahali pipu inaposimama mbele ya jicho. Fanya kwa kipimo.

Bana upinde kwenye presi yake, yaani mashine inayokandamiza mikono ya upinde, bila mshale, mpaka upote ulegee. Toa jicho la upote kwenye kigingi cha kemu, lizungushe nusu msokoto, lirudishe. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba ncha mbili za upote hazina athari sawa. Msokoto hujigawa katika urefu wote, na pipu iko karibu zaidi na kemu ya juu. Tuseme iko theluthi moja ya urefu kutoka juu: nusu msokoto wa ncha ya juu utaigeuza takriban digrii 120; nusu msokoto huo huo ukiutia chini, utaigeuza takriban digrii 60. Kosa kubwa lirekebishe juu, dogo chini. Toka kwenye presi, hakikisha upote umekaa ndani ya mifereji ya kemu, vuta mara kadhaa taratibu ukiwa umeweka mshale, ndipo uangalie tena. Ukiongeza nusu, na kosa likazidi, basi umeenda upande usiofaa: itoe hiyo nusu, kisha utoe nyingine.

Kama pipu imekupa kisogo kabisa, digrii 180, misokoto iache. Tenganisha nyuzi kwa kifaa chake cha plastiki, kamwe si kwa bisibisi, uigeuze pipu mahali pake. Usiipindue juu chini, kwa sababu tundu lake limetobolewa kwa mshazari ili lilingane na pembe ya upote uliovutwa.

Dhana: Kitanzi cha D hakihusiki.

Kinahusika sana. Ukivuta, kifyatulio hukigeuza kitanzi kifuate mkono wako, na kitanzi hugeuza upote pamoja nacho. Anayetumia kifyatulio cha kamba ya kifundoni siku moja na cha kushika mkononi siku ya pili ataona pipu mbili tofauti. Kosa likibaki dogo baada ya msokoto, zungusha mafundo ya kitanzi kidogo kuuzunguka upote, upande ule ule pipu ilikogeukia, kisha yakaze sana. Hii ndiyo marekebisho ya mwisho, na mara nyingi hutosha peke yake.

Dhana: Upote mpya ulionyooshwa kiwandani hauhitaji kutulia.

Hata ulio bora hujipanga ukianza kufanya kazi. Piga mishale 100 hadi 200 kwanza, kisha ndipo uirekebishe pipu kwa mara ya mwisho na kuifunga kwa uzi juu na chini. Kufunga huko, kwa njia, hakuzuii kugeuka. Kunazuia pipu kuteleza au kuchomoka wakati wa kufyatua, na hiyo ni sababu tosha ya kutokuruka hatua hiyo.

Dhana: Mrija wa mpira humaliza tatizo.

Mrija huu, unaounganisha pipu na kebo au mkono wa upinde, huivuta pipu ikutazame kwa nguvu, na wawindaji wengine hawauachi. Lakini mpira hukauka na kupasuka kwa jua, na ukikatika umevuta, unarudi usoni. Ukiutumia, ukague kila mara na uubadilishe ukianza kuonyesha nyufa.

Pipu iliyokaa sawa kwa miezi kisha ikaanza kugeuka ghafla ni habari nyingine kabisa. Usianze na msokoto. Pitisha vidole kwenye upote wote ukitafuta uzi uliokatika, sehemu iliyochakaa na kutoa manyoya, au uzi wa kuzungushia uliofumuka karibu na kemu. Ukikuta uzi hata mmoja umekatika, usiuvute tena upinde huo mpaka upote ubadilishwe.