Durkheim na siri ya idadi isiyoyumba

Mtu akijiua, majirani hutafuta sababu ndani ya nyumba yake: deni, ndoa, maradhi, ugomvi wa juzi. Mwaka 1897 Émile Durkheim, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Bordeaux nchini Ufaransa, alitoa kitabu kilichotazama kwingine. Mpwa wake, Marcel Mauss, alimsaidia kuchambua kumbukumbu za vifo takriban 26,000, na swali lao lilikuwa hili: mbona kila nchi ina kiwango chake cha watu wanaojiua, na hakibadiliki sana mwaka hadi mwaka, ilhali watu hao hawajuani wala hawakushauriana?

Jibu lake ndilo lililoipa sosholojia, yaani elimu ya jamii, miguu ya kusimamia. Waprotestanti walijiua zaidi ya Wakatoliki, na waseja zaidi ya wenye ndoa na watoto. Kwa Durkheim, asiyefungamana na wenzake hukosa cha kumshika siku inapokuwa mbaya. Kufungamana kupita kiasi nako kuna hatari, kwani wanajeshi wa Ulaya walijiua zaidi ya raia.

Sehemu ninayopenda zaidi kuifundisha ni ile ya anomia. Masoko ya fedha yalianguka Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 1873. Waliojiua mjini humo walikuwa 141 mwaka 1872, wakawa 153 mwaka uliofuata, kisha 216 mwaka 1874. Wepesi watasema ni umaskini. Durkheim aliwaonyesha Italia baada ya 1870: viwanda vilikua, mishahara ikapanda, na wanaojiua nao wakaongezeka. Halafu akawaonyesha Calabria, mkoa maskini wa Italia hiyohiyo, ambako kujiua kulikuwa nadra mno.

Basi kinachoumiza ni nini? Tamaa ya binadamu, alisema, haina kikomo chake yenyewe. Jamii ndiyo humwonyesha kila mtu kiasi anachoweza kukitarajia kwa haki. Maisha yakigeuka ghafla, yawe ya neema au ya shida, kipimo cha zamani huvunjika kabla kipya hakijapatikana. Hali hiyo ya kukosa kipimo ndiyo anomia.

Aliyoyaandika kuhusu wanawake ni dhaifu, na siyatetei: alidhani maisha yao ya nafsi hayaguswi sana na jamii. Takwimu zake pia zimetiliwa shaka. Kujiua kukiwa aibu kubwa kwa kanisa, ndugu wa marehemu wana kila sababu ya kusema ilikuwa ajali, kwa hiyo tofauti ya Wakatoliki na Waprotestanti huenda ilikuwa ndogo kuliko alivyoamini. Hoja hiyo ni nzito. Lakini haiifikii Vienna kwa urahisi, kwa sababu pale mji uleule, wenye dini ileile, unalinganishwa na wenyewe miaka miwili baadaye.