King'ora Kinalia, Mwizi Hayupo: Tunayoyaamini na Ukweli Wake

Mvua zikishaanza hapa Kigoma, simu yangu haitulii. "Fundi, king'ora kimelia tena usiku, na mwizi hatujamwona." Kinachoniumiza si ile kelele. King'ora kikilia bure mara tatu, majirani hawatoki mara ya nne, na mwenye nyumba naye anaanza kukizima kabla ya kulala. Kuanzia hapo nyumba haina ulinzi, na gharama zote zimekwenda bure.

"Kikilia bila mwizi, mashine ni mbovu."

Mara nyingi mashine haina kosa. Mama mmoja wa Gungu aliniita akiwa ameshatenga hela ya mtambo mpya. "Hii imechoka, fundi, nibadilishie yote." Nikamwambia, "Subiri kwanza mama, tuiulize yenyewe." Paneli nyingi, yaani boksi kuu linaloendesha king'ora, hutunza kumbukumbu ya zoni (sehemu ya nyumba) iliyolia na saa yake. Ikatuonyesha zoni ya 3, sebuleni, siku nne mfululizo, zote usiku wa manane. Nikapanda juu ya stuli. Chini kidogo ya sensa, kile kifaa cha ukutani kinachohisi mtu akipita, palikuwa na taa ya ukutani inayoachwa ikiwaka mpaka asubuhi. Kumbikumbi walikuwa wameifuata taa, mijusi kafiri wakawafuata kumbikumbi, na kwenye kioo cha sensa kulikuwa na utando wa buibui na alama za vidole vya mjusi. Nikafuta kwa kitambaa laini, nikaziba kwa silikoni tundu la waya lililoachwa wazi, taa tukaihamisha. Mashine ni ile ile mpaka leo.

"Sensa inamwona mtu kama kamera."

Sensa ya kawaida ya ndani haioni sura. Inapokea joto linalotoka kwenye vitu, na hushtuka joto hilo linapohama ghafla kutoka kipande kimoja cha eneo lake hadi kingine. Ndiyo maana mjusi anayetambaa juu ya kioo chake anaweza kuishtua kama mtu mzima aliye upande wa pili wa chumba. Sisi tuna la ziada: ziwa liko magharibi yetu, na jua la saa kumi na moja jioni huingia dirishani moja kwa moja. Likiipiga sensa, au pazia lililopata moto likapeperushwa na upepo, king'ora kinalia. Sensa isitazame dirisha. Ikae kwenye kona, kimo cha mita 2.1 hadi 2.4, au kama maelezo yake yanavyosema.

"Punguza ukali wa sensa, itatulia."

Itatulia, ndiyo, hata mwizi akipita. Chumba cha bati kisicho na dari kikikaribia nyuzi 37, joto la mtu na la ukuta hulingana, na sensa humtambua kwa shida hata ikiwa na ukali wake wote. Nawasihi mafundi wenzangu, tutafute chanzo kwanza. Ukali uguswe mwisho kabisa.

"Umeme ukikatika lazima kilie."

Si lazima. Kikilia, itazame betri. Betri ya volti 12 ya paneli hudumu kama miaka 3 hadi 5, na hupungua zaidi ikikaa kwenye stoo yenye joto. Mchana mmoja zima umeme makusudi kwa nusu saa, kisha pima volti za betri ingali inaendesha mtambo. Ikishuka upesi chini ya volti 12, nunua nyingine.

"Mlango umefungwa, basi sumaku imekutana."

Mlango wenye king'ora hufungwa sumaku kwenye ubao na mwenzake kwenye fremu; vikiachana, king'ora kinalia. Mbao nazo hunyonya unyevu wakati wa mvua. Mlango unavimba na kuacha kukaa mahali pake, na sumaku inaachana na mwenzake kwa sentimita moja mbili. Kwenye mlango wa chuma hali ni ngumu zaidi, maana chuma chenyewe hula nguvu ya sumaku. Hapo tumia sumaku zilizotengenezwa kwa milango ya chuma, au weka kipande cha plastiki nyuma yake. Kujua ni rahisi, hata bila fundi: king'ora kikiwa hakijategwa, funga mlango, mtu mmoja autikise kama upepo unavyofanya, mwingine aangalie paneli. Taa ya zoni ile ikiwaka hata mara moja, tatizo ni mlango huo.