Dwarf wakiwakuta Halfling: yasemwayo na yaliyo kweli kuhusu vipigo vya Blood Bowl

Kipindi cha kwanza, zamu ya 6. Halfling, vijitu vidogo, waliobaki uwanjani ni 4, pamoja na Treeman mmoja, jitu la mti, aliyeota mizizi pembeni na hawezi kusogea. Dwarf, wafupi wagumu wa miguu mizito, wako 11, hakuna hata mmoja aliyechubuka, na wanausogeza mpira miraba 4 kwa zamu, taratibu, kama watu wanaosindikiza jeneza. Matokeo bado ni 0-0.

Mpita njia akichungulia atasema mechi bado mbichi. Anayeijua Blood Bowl atakupa pole.

Kwa asiyeufahamu: huu ni mchezo wa mezani uliotungwa na Jervis Johnson na kutolewa na kampuni ya Uingereza, Games Workshop, mwaka 1986. Umechukua mpira wa Kimarekani ukauhamishia kwenye ulimwengu wa majitu na wachawi, na unachezwa kwa vinyago na dadu. Kila upande una watu 11 uwanjani, uwanja ni miraba 26 kwa 15, na kila timu ina zamu 8 kwa kipindi. Hata mungu wao, Nuffle, jina lake ni utani juu ya herufi za ligi ya Marekani, NFL. Hesabu zilizomo humu ni za toleo la 2020.

"Mechi ya upande mmoja utaiona kwenye mabao"

Dwarf wengi wana mwendo wa miraba 4. Kutoka mstari wa kati hadi ukanda wa bao ni miraba 13, na mpira unapoanzishwa hupigwa ukaangukia nyuma huko. Aliyeuokota anazungukwa na wenzake 4, mmoja kila pembe, na ngome hiyo haiwezi kwenda kasi kuliko miguu yake mizito. Kocha wa Dwarf anayejua kazi yake hata hahangaiki na mabao 6. Anafunga zamu ya 8, kipindi kinachofuata anakubana, na mnamaliza 2-0 nusu ya kikosi chako ikiwa kwa daktari.

Wood Elf, timu ya wepesi wa msituni, ambao karibu wote wanakwenda miraba 7 au 8, wanaweza kukufunga 4-1 na ukaondoka na watu wako wote wazima. Mimi naichukua hiyo 4-1 kila siku.

"Amebebwa na dadu"

Hapa ndipo ugomvi ulipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Mchezaji anapompiga kumbo mpinzani, hutumika dadu maalumu yenye pande 6: fuvu, maana yake mpigaji ndiye anayeanguka, wote wawili chini, kusukuma, ambayo iko pande 2, kuyumba, na kuanguka. Wakilingana nguvu inarushwa dadu 1. Mmoja akizidi zinarushwa 2, na aliyezidi ndiye anayechagua. Dwarf ana nguvu 3, Halfling 2. Yaani Dwarf yeyote, bila msaada wa mtu, anarusha dadu 2 na kujichagulia.

Sasa ongeza ujuzi. Dwarf wa kawaida anakuja na Block tangu siku ya kwanza, kwa hiyo upande wa "wote wawili chini" unamwangusha mpinzani peke yake. Anakuja pia na Tackle, inayofuta Dodge, na Dodge ndiyo iliyokuwa ikimwokoa Halfling akiyumba. Matokeo yake pande 3 kati ya 6 zinamlaza Halfling. Kwa dadu 2, hiyo ni asilimia 75.

Na hatari ya mpigaji? Fuvu mbili kwa pamoja: 1 kati ya 36. Mchezaji asiye na Block akirusha dadu hizohizo 2, hatari yake ni 1 kati ya 9. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uifuatilie zamu nzima, kwa sababu mchezaji wako akianguka katika zamu yako, zamu inakatika papo hapo na waliokuwa hawajasogea wanabaki walipo. Kumbo 5 mfululizo za Dwarf zinapita salama kwa takriban asilimia 87. Kumbo 5 za mtu asiye na Block, takriban asilimia 55. Ukiwa upande wa pili wa meza, hiyo asilimia 87 inafanana kabisa na bahati. Si bahati. Imelipiwa siku timu inanunuliwa.

Akishaanguka, inafuata deraya. Dadu 2 za kawaida zinajumlishwa, na deraya ya Halfling inavunjika kwa 7 kwenda juu, ya Dwarf kwa 10 kwenda juu. Ikivunjika unarusha tena kuona ameumia kiasi gani. Kwa Halfling, kwa kuwa ni mdogo wa umbo, 7 kwenda juu inamtoa uwanjani, iwe amezimia au amejeruhiwa. Dwarf ana fuvu gumu, anahitaji 9. Zidisha zote: Halfling aliyeangushwa anatoka uwanjani asilimia 34 ya mara, Dwarf asilimia 4.6. Zaidi ya mara 7.

Ukiunganisha na ile asilimia 75, kila kumbo ya Dwarf kwa Halfling inamtoa mtu karibu mara 1 kati ya 4. Akipiga kumbo 4 kwa zamu, usishangae kumpoteza mmoja kila zamu. Na kila anayetoka anamwacha Dwarf mmoja bila wa kumkaba, naye anakwenda kuwasaidia wenzake. Ndiyo maana mechi hizi haziporomoki pole pole. Zamu ya 3 unaona bado uko vizuri, zamu ya 5 huna watu.

Sisemi dadu hazina kauli. Zina kauli, ila zinajibu swali uliloziuliza. Kocha anayeanza zamu kwa kumbo ya dadu 1 kabla hajasimamisha walioanguka na kuwapanga walinzi, akipata fuvu, atasimulia juu ya Nuffle jioni nzima. Hatasimulia kwamba alikuwa na mambo 6 ya bure ya kufanya kwanza.

"Bajeti ni moja, basi timu ni sawa"

Kila timu mpya huanza na sarafu 1,000,000 za dhahabu. Halfling mmoja ni 30,000, Dwarf wa kawaida ni 70,000. Mtu anaona hiyo anadhani wingi utafidia udogo. Lakini wanaoingia uwanjani ni 11 tu hata ukinunua 16, na wale wa ziada ni benchi linalosubiri kuingia mahali pa waliozimia.

Kuna kanuni ya kufidia: timu yenye thamani ndogo hupewa tofauti ili inunulie msaada wa mechi moja, kama daktari wa kukodi, hongo kwa mwamuzi, au nyota wa kuazima. Kanuni nzuri, ila angalia inapima nini. Inapima thamani. Dwarf wa 1,000,000 dhidi ya Halfling wa 1,000,000, tofauti ni sifuri, na mechi ya kwanza ya ligi inaweza kuwa ndiyo mbaya kuliko zote.

Waliotunga hawakukosea hesabu, kwani walikusudia. Kitabu chenyewe kinazipanga timu kwa madaraja, na Halfling, Goblin, Ogre na Snotling wako la mwisho. Mashindano mengi huwaongezea fedha au ujuzi kwa sababu hiyo, na mengi yana kombe lao kabisa, la anayefanya vizuri zaidi kwa timu ya vibushuti.

Msaada wa maana kwa Halfling ni mpishi wao. Kwao ni 100,000, wengine wanamnunua 300,000. Mwanzo wa kila kipindi anarusha dadu 3, na kila inayotoa 4 au zaidi inampokonya mpinzani nafasi moja ya kurusha upya na kukupa wewe. Dwarf asiye na nafasi ya kurusha upya anaanza kuogopa hata kuokota mpira. Huyo mpishi asipokuwepo, mimi Halfling siwashiki.

"Usimwachie afunge"

Mtu yeyote aliyelelewa na mpira wa miguu atakwambia hivyo, nami niliamini hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Tazama waliozimia. Hao hawajafa. Kila mpira unapoanzishwa upya, kila mmoja anarushiwa dadu, na 4 kwenda juu anarudi. Mpira usipoanzishwa upya wanabaki wamelala. Dwarf anapotumia zamu zote 8 kufunga bao moja, anawafungia watu wako benchi kipindi kizima, na zamu zote hizo anaendelea kuwapunguza waliobaki. Anachokunyima ni muda, bao ni nyongeza tu.

Kwa hiyo kuna mechi ambazo jambo la busara ni kuufungua mlango mapema. Akifunga zamu ya 4, waliozimia wanarushiwa dadu sasa hivi na tena mapumzikoni, na mpira ni wako kwa zamu 5. Tatizo ni kwamba kocha mjanja haingii. Anasimama mraba mmoja kabla ya ukanda wa bao na kuendelea kupiga kumbo hadi zamu ya 8. Basi umtie hofu. Peleka Halfling 2 au 3 wamgande aliyebeba mpira, mpaka aone kungoja kuna hatari kuliko kufunga. Utapoteza mmoja hapo, pengine wawili. Bado ni rahisi kuliko kusubiri.

Nimeona watu wakilinda 0-0 kwa moyo wote na Halfling 3.

"Kompyuta inaiba"

Tangu studio ya Kifaransa ya Cyanide itoe mchezo huu kwa kompyuta mwaka 2009, malalamiko ni yaleyale. Nilikulia kwenye ludo, najua watu wanavyoipuliza dadu na kuibembeleza itoe 6. Kwenye skrini huna cha kupuliza, basi unatafuta wa kumlaumu. Kukosa 2+ (yaani 2 au zaidi kwenye dadu) kisha kukosa tena ukirusha upya ni 1 kati ya 36. Ukijaribu mara 40, uwezekano wa kukutana nayo angalau mara moja ni takriban asilimia 68. Basi.

"Ukizidiwa, jitoe"

Katika ligi, anayejitoa mapema anaacha mapato ya mechi na pointi za mchezaji bora, ambazo hata timu iliyoshindwa humpa mtu wake mmoja. Kanuni inamsamehe tu aliyebaki na watu wachache mno wa kupanga. Tena usisahau Treeman. Ana nguvu 6 na deraya ya 11, Dwarf mmoja akimpiga kumbo peke yake anarusha dadu 2 na Treeman ndiye anayechagua. Kwa kawaida yeye ndiye wa mwisho kuondoka, isipokuwa akiota mizizi mahali pabaya.

Na anaweza kurusha watu. Zamu ya 8, kipindi cha pili, 2-0, Halfling 3 wamebaki. Zamu iliyopita mmoja aliokota mpira na kujisogeza mpaka ubavuni mwa mti. Treeman anamwinua, anamtupa juu ya vichwa vya Dwarf wote, anapepesuka mraba mmoja kulia, anatua kwa miguu. Mbele yake iko miraba 5, na yeye hakimbii zaidi ya 5 bila kujilazimisha.

Kocha wa Dwarf akasimama kitini kutazama. 2-1.