Msimu wa uyoga: upi, na wa uyoga gani?

Ikifika Septemba, wenzetu wanaoishi Finland na Sweden huanza kuambizana kwamba msimu wa uyoga umefika. Baada ya wiki chache wanasema umekwisha, uyoga umekufa, tukutane mwakani. Kauli hii inarudiwa mno, na inapotosha.

Msimu wa uyoga ni kipindi ambacho aina fulani ya kuvu hutoa uyoga juu ya ardhi. Maneno yanayosahaulika hapo ni "aina fulani" na "hutoa". Uyoga ni kama embe: msimu wa maembe ukipita, hakuna anayesema mwembe umekufa. Kuvu yenyewe ni nyuzi nyembamba zilizomo udongoni, na nyingi kati ya zile tunazookotea chakula katika misitu ya kaskazini zimeizinga mizizi ya misonobari na miti mingine kwa miaka na miaka. Kuvu huupa mti maji na madini, mti nao huilipa sukari.

Malipo hayo ndiyo yanayosahaulika kabisa. Katika utafiti uliochapishwa 2001, watafiti kaskazini mwa Sweden waliiambua misonobari magome kulizunguka shina, ili sukari isishuke mizizini. Uyoga unaotegemea miti hiyo karibu ukatoweka katika maeneo yale, ingawa mvua ilikuwa ileile. Aliyekulia Iringa au Songea amezoea uyoga kufuata mvua za mwanzo, na kwao ni kweli. Kaskazini mvua inahitajika vilevile, lakini pamoja na joto la udongo na mti wenye sukari ya kutoa.

Ndiyo maana misimu ni mingi. Finland, uyoga uitwao korvasieni kwa Kifini hutokea Mei, theluji ikishayeyuka (huo ni sumu kali ukiwa mbichi, tafadhali usiuguse kwa kubahatisha). Uyoga mwingine, kantarelli, huanza Julai. Herkkutatti huwa mwingi Agosti na Septemba. Suppilovahvero ndiyo kwanza unachangamka wakati wengine wameshaweka vikapu darini, na huokotwa hadi Novemba pasipo baridi kali. Anayengoja Septemba amepitwa na wa kwanza, na anayeondoka mwisho wa Septemba anauacha wa mwisho.

Wala tarehe zenyewe hazikusimama. Norway, kumbukumbu za makumbusho zilizochambuliwa 2008 zilionyesha kwamba uyoga wa majira ya majani kupukutika ulikuwa umechelewa kwa wastani wa siku 13 hivi tangu 1980.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kama msimu umeanza, mjibu kwa upole: wa uyoga gani, chini ya miti gani, na huko kwenu mvua ilinyesha lini?