Nyota za Buluu Zisizopaswa Kuwapo

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza eksirei za angani, ikaitwa Uhuru kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake siku hiyo. Baadhi ya vyanzo ilivyovibaini vilikuwa ndani ya makundi tufe, yale mafungu ya nyota laki kwa laki zilizobanana. Makundi hayo hayafikishi hata sehemu moja kwa elfu ya nyota za galaksi yetu, ilhali takriban kimoja katika kila vyanzo 10 vikali vya eksirei kimo humo.

Sababu ni nyota pacha, yaani mbili zinazozungukana. Katika kitovu cha kundi, nyota ya tatu huweza kuingilia jozi, na mara nyingi iliyo nyepesi kuliko zote ndiyo inayotupwa nje. Kwa njia hiyo nyota ya nyutroni, ambayo ni mabaki mazito ya nyota iliyolipuka, hupata mwenza hata ikiwa imekaa pekee kwa mabilioni ya miaka. Mwenza akitanuka, gesi yake huimwagikia, hupata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei. Gesi hiyohiyo huisokota mpaka izunguke mamia ya mara kwa sekunde. Katika kundi la 47 Tucanae pekee, pulsa, yaani nyota za nyutroni zizungukazo na kutupigia miale kwa vipindi, za namna hii zilizogunduliwa zimeshapita 20.

Kinachonivutia zaidi, hata hivyo, ni nyota za buluu ambazo mwanaastronomia Allan Sandage alizitambua katika kundi la M3 mwaka 1953. Nyota nzito hung'aa kwa buluu, na humaliza hidrojeni ya kiini chake upesi. Kwa hiyo, katika kundi lenye umri wa takriban miaka bilioni 12, kila iliyozaliwa nzito kuliko Jua ingepaswa kuwa imeshazeeka. Hizi bado zinang'aa kwa buluu, kama wazee waliopaka hina ndevu, ila hapa ujana si wa rangi tu: zimeongezewa hidrojeni mpya, ama kwa kufyonza gesi ya mwenza, ama kwa nyota mbili kugongana na kuwa moja.

Mimi naegemea upande wa kufyonza. Kama migongano ingekuwa chanzo kikuu, idadi ya nyota hizi za buluu ingefuata kasi ya migongano inayokadiriwa katika kila kundi. Lakini hesabu zilizochapishwa mwaka 2009 zilionyesha kwamba inafuata zaidi uzito wa kitovu chenyewe, jambo linaloelekeza kwenye jozi, kwa kuwa kitovu kizito zaidi hutarajiwa kuwa na jozi nyingi zaidi.