Mafua ya kipupwe: je, baridi ndiyo inayoyaleta?

Juni na Julai, alfajiri za Tabora huuma. Wapo wanaozifurahia, kwa moto wa kuni na uji wa moto. Wapo wanaozichukia, wakiamini kwamba kuoga maji baridi au kutoka bila sweta huleta mafua. Imani hiyo haikuzuka hewani, maana msimu wa baridi mafua huongezeka kweli. Ila chanzo ni virusi, na huvipati bila mtu kukuambukiza. Baridi huvisaidia tu: tunafunga madirisha, tunabanana ndani, na hewa baridi hudhoofisha kinga ya pua. Ukiugua, hesabu siku mbili tatu nyuma: nani alikuwa akipiga chafya karibu nawe? Kwangu mimi huwa ni mpwa wangu wa chekechea. Sweta navaa hata hivyo, baridi yenyewe ni mateso.