Binti anakimbia, hedhi imekatika

Kila msimu wa mbio ukikaribia hapa Mbeya, mama fulani hunijia kliniki na swali lile lile: "Daktari, binti yangu hajaona siku zake, huu ni mwezi wa nne mfululizo. Mimba tumepima, hana. Ni haya mazoezi?" Binti mwenyewe kainama. Kocha keshamwambia hedhi ikikatika ujue mwili umeiva. Hapo mimi na makocha hatuelewani.

Kukimbia hakuna kosa. Tatizo ni chakula. Anaamka alfajiri, anapanda mlima Loleza kwa chai ya rangi tupu, mchana ugali na maharage, usiku anajinyima wali asinenepe. Mwili ukipungukiwa hulisha kwanza moyo na misuli. Uzazi huambiwa usubiri.

Amri hiyo hutoka ubongoni, kwenye haipothalamasi. Sehemu hii hutuma homoni kwa mapigo, kama ngoma, kuiamsha tezi ya pituitari, nayo pituitari huziamsha ovari, vifuko vya mayai, kwa homoni za LH na FSH. Njaa ikizidi, leptini, homoni itokayo kwenye mafuta ya mwili, hushuka, kortisoli, homoni ya msongo, hupanda, ngoma inapooza. Yai halipevuki, estrojeni, homoni ya kike, inapungua, ukuta wa mji wa mimba haujengeki. Damu itoke wapi?

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2003 ulionyesha mapigo ya LH yakivurugika ndani ya siku 5 tu, pale nguvu inayobaki baada ya mazoezi iliposhuka chini ya kilokalori 30 kwa kila kilo ya mwili usiohesabiwa mafuta. Chukua binti mwenye kilo 40 za namna hiyo: abaki na kilokalori 1,200. Akichoma 500 mlimani, ale 1,700, na hapo yuko ukingoni tu. Mimi humtakia 2,300.

Kinachoninyima usingizi ni mifupa. Umri huu ndio wa kuiwekea akiba, na bila estrojeni akiba inaliwa. Wengine huja wakilalamika ugoko, kumbe mfupa umeshapata ufa.

Vidonge vya uzazi wa mpango vitaleta damu kila mwezi, ndiyo, lakini ni damu ya vidonge. Ngoma bado imelala. Na msidanganyike kwamba hawezi kushika mimba: yai huweza kupevuka kabla hedhi haijarudi.

Hupima pia prolaktini, homoni ya maziwa, na thairoidi, tezi ya shingoni, nisije nikasingizia mbio. Zikiwa sawa, naandika uji wa maziwa na karanga kabla ya mlima, parachichi, dagaa wa Kyela, na siku za kupumzika. Hedhi huchukua miezi kurudi. Miezi 3 ikipita bila hedhi, au miaka 15 ikifika hajavunja ungo, mleteni, hata kama anashinda medali.